Raba za milango na vioo vya magari ya zamani: zikisafishwa hufufuka kweli, au tunazipaka mafuta zing'ae tu?

#1 Mwana_wa_Igoma
Wanazengo, salamu. Nina Peugeot 404 ya mwaka 1967 niliyoachiwa na marehemu baba, ambayo imekaa muda mrefu chini ya banda la mabati huku Igoma, Mwanza. Injini inawaka na bodi haijaoza sana. Tatizo ni raba: za milango, ya buti na ya kioo cha mbele zote zimekakamaa na kupauka, zina unga mweupe, na kwenye kona za kioo zimechanika mipasuko midogo midogo. Mvua ikinyesha, maji yanaingia upande wa abiria hadi zulia linalowa.

Fundi mmoja amenishauri nizisugue kwa dizeli, mwingine amesema glisirini, na wa tatu anataka azing'oe zote aweke raba za mita. Hizo za mita sizitaki ikiwa ipo njia nyingine, kwa sababu za asili zina umbo lake, na ile ya kioo ina mfereji unaoshika utepe wa kromu. Naomba kujua mambo mawili: je, mpira uliozeeka unaweza kurudishiwa ulaini wake? Na ni kitu gani hasa kinachouzeesha?

#2 FundiBodi_Nyakato
Mkuu, dizeli ni ya kwenye tangi, na kama 404 yako ni ya petroli, basi hata huko usiiweke.

Mpira wa asili hunyonya mafuta ya jamii ya petroli. Ukiupaka dizeli au mafuta ya taa, siku za mwanzo utaona umekuwa mweusi na laini, nawe utamsifu fundi wako. Baadaye unavimba, unarefuka kuliko mfereji wake, unaanza kujikunja kama wimbi kuzunguka mlango, na nguvu yake inakuwa imekwisha. Magari ya namna hiyo huletwa gereji kwetu mara kwa mara, na mwenye gari huwa anadai kwamba gundi ndiyo iliyoachia.

Kusafisha kwenyewe si kazi ngumu. Chukua maji ya vuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo kidogo, na mswaki wa zamani uliolainika. Piga taratibu ukifuata urefu wa raba, ingia ndani ya mifereji ambamo vumbi la Igoma limejazana, suuza, kisha acha ikauke kivulini. Mahali penye lami au gundi ya zamani, tumia kitambaa chenye spiriti kidogo na uondoe mara moja. Tina usiiguse kabisa, kwa kuwa hula mpira na rangi kwa pamoja.

#3 Mzee_wa_Bedford
Ninawaheshimu vijana, lakini katika jambo hili sikubaliani na fundi hapo juu. Tuliendesha malori ya kubeba pamba kutoka Magu na Kwimba hadi kwenye vinu, na turn boy wetu alikuwa akifuta raba za milango kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kila yalipooshwa. Raba zile zilidumu miaka mingi.

Kwa maoni yangu, kinachoua raba ni kusimamisha gari. Mlango usiofunguliwa unaiacha raba imebanwa mahali pamoja, inalala, na siku ukifungua inabaki bapa. Gari la kijana huyu lingekuwa linatembea, tusingekuwa na uzi huu.

#4 Dada_Maabara
Nafundisha kemia, kwa hiyo naomba nichangie lile swali la pili, ambalo wengi wamelipita.

Mpira wa gari si utomvu wa mti peke yake. Tangu Charles Goodyear apate hataza yake mwaka 1844, mpira hupikwa pamoja na salfa ili minyororo yake ya kemikali iunganishwe kwa madaraja, ndiyo maana hunyumbuka na kurudi. Ndani yake huongezwa masizi, mafuta ya kulainisha, nta na kemikali za kuzuia kuzeeka. Miaka inapopita, mambo kadhaa huendelea kwa wakati mmoja: mafuta ya kulainisha huhama na kutoka, oksijeni huongeza madaraja mahali pengine na kukata minyororo mahali pengine, mionzi ya urujuanimno huunguza uso, na ozoni, yaani aina kali ya oksijeni iliyomo hewani, hushambulia sehemu zilizovutwa. Madaraja yaliyoongezeka na minyororo iliyokatika hayarudishwi na chochote unachopaka. Kinachoweza kurudi kwa kiasi fulani ni ule ulaini uliopotea kwa kutoka mafuta.

Mwana_wa_Igoma, ichunguze mipasuko yako. Ikiwa imepangana sambamba, ikikata njia ya mvuto pale raba ilipokunjwa kwenye kona, hiyo ni kazi ya ozoni, kwa sababu ozoni haipasui mpira ambao haujavutwa. Ikiwa imetawanyika ovyo kila upande juu ya uso unaotazama jua, mshukiwa ni jua. Kuhusu Mzee_wa_Bedford, kitambaa chenye unyevu kidogo wa mafuta ya taa, ambayo huvukiza, si sawa na kuloweka raba kwenye dizeli. Huenda ninyi wawili mnazungumzia vitu tofauti.

#5 Tanga_Pwani
Mnasahau unyevu. Huku kwetu pwani hewa ya chumvi hula kila kitu, nanyi mko kando ya ziwa. Nadhani chumvi ndiyo iliyoacha huo unga mweupe.

#6 Nansio_Kisiwani
Karibu sana Ukerewe, ndugu wa Tanga, uje uonje maji ya ziwa letu. Tunapikia ugali bila kuongeza chumvi yenu? Hapana, tunaongeza, kwa sababu maji haya ni baridi. Tafuta mshukiwa mwingine.

#7 Mwaloni_Kirumba
Dada_Maabara ametaja ozoni, nami nimepata wazo. Ukanda huu wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana duniani, hasa usiku juu ya maji, na radi hutengeneza ozoni. Je, haiwezekani kwamba raba za huku huzeeka kwa sababu hiyo? Madirisha ya boti zetu hapa Kirumba yana raba ambazo hazifiki mbali kabla ya kupasuka, wakati gari la shemeji yangu la Iringa, la umri ule ule, raba zake bado zinabonyea.

#8 Dada_Maabara
Ni wazo zuri, Mwaloni, na si la kuchekwa, lakini sidhani kwamba linatosha. Radi ya usiku katikati ya ziwa iko mbali na gari la Igoma. Jua liko karibu zaidi: Mwanza iko takribani nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, na uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mionzi inashuka karibu wima mwaka mzima. Boti haina kivuli, na maji nayo huakisi mwanga.

Ukitaka chanzo cha ozoni kilicho jirani, tazama kama kuna mtu anayechomelea vyuma karibu na banda. Mwanga wa kuchomelea hutengeneza ozoni, na mota za umeme zenye cheche hufanya vivyo hivyo. Kiasi kidogo mno hutosha kuupasua mpira wa asili uliovutwa.

#9 Mwana_wa_Igoma
Nashukuru. Nimeangalia kwa kioo cha kukuzia. Kwenye kona za kioo cha mbele mipasuko ni sambamba kama alivyoeleza Dada. Kwenye raba za milango hakuna mipasuko, ila ni ngumu na zina ule unga. Na ndiyo, ukuta wa pili kuna jirani anayetengeneza mageti, anachomelea kutwa.

#10 Senene_Bukoba
Unga mweupe ni ukungu, wakuu. Bukoba mvua haiishi, na kila gari linalolala nje linapata. Futa kwa siki iliyochanganywa na maji, anika, imekwisha.

#11 FundiBodi_Nyakato
Siyo lazima uwe ukungu. Raba nyingi zina nta ndani yake ambayo hupanda juu polepole na kuweka utando wa kuikinga dhidi ya hiyo ozoni inayozungumzwa. Utando ule ndio huonekana kama unga wa kijivu. Mtu anayesugua kila wiki hadi raba iwe nyeusi tii anaondoa kinga yenyewe, halafu anashangaa ikipasuka. Osha ikichafuka, basi.

#12 Dada_Maabara
Nyote wawili mnaweza kuwa sahihi katika magari tofauti, na mshukiwa wa tatu ni salfa iliyobaki bila kushikana wakati wa kupikwa, ambayo nayo hupanda juu. Wa nne ni vijazio vyenyewe, yaani unga kama masizi unaochanganywa ndani ya mpira, pale ambapo uso wa mpira umeliwa na jua hadi vikabaki wazi. Pasha kipande kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, bila kukikaribisha sana. Nta itayeyuka na weupe utafifia. Ukungu una harufu na mara nyingi huota kwa madoa madoa, si kwa usawa. Vijazio vilivyobaki wazi hutia vidole rangi kila unapovigusa, hata baada ya kuosha.

#13 Mzee_wa_Bedford
Sisi tulikuwa tukipaka poda ya mtoto, na kazi ilikuwa imekwisha. Tena 404 ni gari la heshima, msilifanyie majaribio ya maabara. Hilo ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 likiwa mikononi mwa Bert Shankland aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, na kabla ya hapo Peugeot hawakuwa wamewahi kushinda.

#14 Kisumu_Kando_ya_Ziwa
Mzee, shikamoo. Nakubali hiyo ya 1966 na 1967, lakini 404 ilishinda pia mwaka 1963, ikiendeshwa na Nick Nowicki na Paddy Cliff, na hao hao wakashinda tena mwaka 1968. Ule mwaka 1963 magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu, kwa hiyo raba za milango zilijaribiwa vya kutosha.

Nikirudi kwenye mada, kuna njia ambayo haijatajwa. Mafundi wa taipureta walikuwa wakilainisha roli zilizokakamaa kwa mafuta ya wintagrini, yaani methili salisileti, na wapenzi wa magari ya zamani wakaiga. Unachanganya sehemu moja ya mafuta hayo na sehemu tatu za spiriti ya isopropili, unaloweka raba iliyokwisha kuoshwa, na unaitazama mara kwa mara hadi inyumbuke. Nilifanya hivyo kwa raba za milango ya Datsun, na milango iliyokuwa ikigonga kama geti ikaanza kufunga kimya.

#15 Nansio_Kisiwani
Methili salisileti si ndiyo ile iliyomo kwenye dawa za kuchua misuli? Basi tukipanda 404 ya Igoma tutadhani tumeingia chumba cha wachezaji wakati wa mapumziko.

#16 Dada_Maabara
Ndiyo hiyo hiyo, Nansio, lakini asitokee mtu akaenda kupaka dawa ya kuchua kwenye raba, kwa kuwa ndani yake kuna vitu vingine vingi. Mafuta yenyewe yakiwa halisi ni sumu kali: kiasi kidogo akikinywa mtoto kinaweza kumuua, na hupenya ngozini. Vaa glavu, fanyia kazi nje, mbali na moto kwa sababu ya spiriti, na chupa uifungie.

Vilevile tuelewane kuhusu kinachotokea. Molekuli zake huingia kati ya minyororo ya mpira na kuisukuma mbalimbali, ndipo raba huvimba kidogo na kulainika. Kimsingi ni jambo lile lile ambalo FundiBodi amelilaumu kwa dizeli, tofauti ikiwa kwamba hili huvukiza polepole na halivimbishi kwa ukali ule. Yakishatoka, ugumu hurudi. Kisumu, je, Datsun ile bado inafunga kimya?

#17 Kisumu_Kando_ya_Ziwa
Ulipita msimu mzima wa mvua kabla ya kuanza kugonga tena, nikarudia. Sioni ubaya wa kurudia.

#18 FundiBodi_Nyakato
Ubaya upo: kila ukirudia, raba inachoka. Mimi kwa raba ya mlango ambayo haijapasuka ninaosha, ninakausha, kisha ninapaka glisirini nyembamba kwa kitambaa. Haiuvimbishi mpira. Kasoro yake ni kwamba huyeyuka katika maji, hivyo mvua kubwa huiosha na inabidi upake upya, na ukizidisha inanasa vumbi. Grisi ya silikoni hudumu zaidi, ila muulize kwanza fundi wako wa rangi. Silikoni ikigusa bodi itakayopulizwa rangi, rangi inakimbia na kuacha vishimo, na hakuna msasa wa haraka unaoimaliza.

#19 Mkolani_Seremala
Naomba niulize kama mtu wa nje. Mmekwisha kuandika mengi kuhusu mpira, lakini mnajuaje kwamba maji yanapita kwenye raba? Milango ya mbao niliyoitengeneza huvuja kwa sababu bawaba zimelegea, si kwa sababu ya mbao.

#20 FundiBodi_Nyakato
Seremala ametupiga bao. Mwana_wa_Igoma, kabla ya kununua chochote, chukua karatasi, iweke kati ya raba na bodi, funga mlango, kisha ivute. Zunguka mlango mzima. Mahali inapotoka bila kukaza, raba haibani, na hapo chunguza kama ni raba iliyolala au ni mlango ulioshuka kwenye bawaba. Baada ya hapo mwombe mtu akae ndani na tochi wakati wewe unamwagia maji kwa mpira wa bustani, ukianzia chini na kupanda polepole. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Angalia pia vitundu vilivyo chini ya mlango. Vikiziba kwa vumbi, maji yanayopita kwenye kioo cha mlango hujaa ndani na kumwagikia kwenye zulia, na raba yako itakuwa imesingiziwa.

#21 Tanga_Pwani
Na mimi nina gari linalovuja, ila linavuja oili. Gasketi ya kava ya tapeti ni ya raba, nayo imekakamaa. Je, hiyo wintagrini inafaa huko? Na raba za breki je, maana spea zake zimekuwa adimu?

#22 Mwaloni_Kirumba
Hapana, hapana, na tena hapana. Raba ya mlango ikishindwa, unalowa. Raba ya breki ikishindwa mteremko wa kuingia mjini, sisi tutakusoma gazetini.

#23 Dada_Maabara
Ninaunga mkono, na sababu yake ni hii. Kila mpira una adui wake. Nitrili huvumilia oili na petroli lakini hupasuliwa na jua na ozoni, kwa hiyo inafaa kwenye injini na haifai kuzunguka kioo. EPDM, mpira wa viwandani ambao ulianza kutengenezwa kibiashara katika miaka ya 1960, huvumilia jua, mvua na ozoni lakini huvimba kwenye mafuta ya petroli, ndiyo maana raba nyingi za milango ya magari ya sasa ni za aina hiyo. Raba za breki za magari mengi ya zamani ni za mpira wa asili au EPDM, nazo zimekusudiwa mafuta ya breki yenye asili ya glikoli; tone la oili ya injini huzivimbisha hadi breki zikagoma kuachia. Zisafishwe kwa mafuta ya breki yenyewe au spiriti safi, zipakwe grisi ya breki inayotokana na mafuta ya nyonyo, na zikiwa na ugumu au mkwaruzo wowote zitupwe. Gasketi ya tapeti nayo nunua mpya, usiilainishe.

#24 Kisumu_Kando_ya_Ziwa
Niongeze tahadhari kuhusu hilo la glikoli: si magari yote. Citroën DS za Ulaya kuanzia modeli ya 1967 hutumia mafuta ya kijani ya jamii ya madini, na raba zake zimetengenezwa kwa hayo. Ukizitilia mafuta ya breki ya kawaida, utaharibu mfumo mzima. Soma kifuniko cha tangi kabla ya kumsikiliza mtu yeyote, nikiwemo mimi.

#25 Mwana_wa_Igoma
Nimefanya jaribio la karatasi na la maji. Mlango wa abiria karatasi inakaza pande zote isipokuwa kona ya juu kwa nyuma. Vitundu vya chini vilikuwa vimeziba, nimevizibua kwa waya na yametoka matope. Lakini aliyekaa ndani na tochi aliona maji mengi yakipita chini ya kioo cha mbele, kwenye ile kona yenye mipasuko. Weupe wa milango umefifia kwa joto, kwa hiyo nadhani ni nta. Swali lililobaki ni kioo cha mbele: nijaribu wintagrini ikiwa palepale, au niitoe?

#26 Mzee_wa_Bedford
Usiitoe. Jaza mipasuko kwa silikoni nyeusi ya mrija, laza kwa kidole chenye sabuni. Kioo cha 404 ukikivunja, utakitafuta mpaka Nairobi.

#27 FundiBodi_Nyakato
Naomba radhi kwa mzee, lakini silikoni juu ya raba yenye mafuta na vumbi haishiki, na maji yanayopita chini yake yatakaa na kuozesha fremu bila wewe kuona. Raba hiyo imekwisha. Unachofanya ni kuondoa kwanza utepe wa kromu, kisha kukata mdomo wa nje wa raba kwa wembe kuzunguka kioo chote, na kusukuma kioo nje kwa viganja. Anayejaribu kuiokoa raba kavu kwa bisibisi ndiye anayevunja kioo. Raba mpya huvishwa kwenye kioo, kamba nyembamba inapitishwa ndani ya mfereji wake, sabuni ya maji inapakwa, kioo kinaegemezwa kwenye fremu, na mtu aliye ndani anavuta kamba polepole wakati wa nje anakandamiza.

#28 Kisumu_Kando_ya_Ziwa
Mimi bado ningeipa nafasi. Wintagrini kwa brashi ikiwa palepale, iachwe ilainike, kisha itolewe nzima, ikaguliwe mezani. Hata kama hairudishwi, utakuwa na kipimo halisi cha kumpa muuzaji, maana raba za 404 zinazouzwa kwa picha hutofautiana mifereji, na hiyo ya utepe wa kromu ndiyo wanayoisahau.

#29 FundiBodi_Nyakato
Kipimo utakipata kwa kukata kipande cha sentimita tano na kukipiga picha ya ubavuni pamoja na rula. Hakihitaji kuloweshwa dawa ya mgongo.

#30 Senene_Bukoba
Je, hayo maji ya sabuni anayosema fundi hayataleta ukungu humo ndani ya mfereji?